Jinsi ya kupanga orientiringi ya kujiongoza pale Nairobi Arboretum, hatua kwa hatua

Kama hujawahi kuicheza, orientiringi ni hivi: unapewa ramani yenye vituo vimechorwa duara, unatafuta kila kituo kwa mpangilio au kwa chaguo lako, unakimbia au unatembea, anayemaliza vizuri na mapema ndo mshindi. Mbio za kwanza za wazi za huu mchezo zilifanyika Norway 1897, alafu Msweden mmoja, Ernst Killander, akauchukua 1919 akaufanya uwe wa vijana wa kawaida, si wa wanajeshi tu. Huku kwetu wengi wameuonja kidogo kupitia Skauti ama President's Award, ule mpango wa tuzo za vijana, ukishamaliza shule unapotea kabisa, na hiyo inaniuma manake Nairobi ina misitu ndani ya jiji ambayo miji mingi inatamani.

Ya kujiongoza ndo ninaipenda zaidi kwa watu wenye kazi na familia. Hakuna siku moja ya kukusanyika wote, hakuna mtu amesimama kwa kituo na filimbi. Unatoa ramani, unasema kuanzia Jumamosi hii hadi Jumapili ya wiki ijayo njoo saa yako, zunguka, tuma majibu. Lakini kwa sababu hakuna mtu amesimama pale, kazi yote inabidi ifanywe na ramani na vituo vyenyewe. Ramani ikiwa mbaya au kituo kikitoka mahali pake hakuna wa kumsaidia mgeni wako, atazunguka saa nzima akifikiri ni yeye hajui. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinarudi hapo.

Nachukua Arboretum kama mfano, ile ya karibu na State House, kwa sababu saizi yake inafaa watu wanaoanza. Ni kama hekta 30, kilomita tatu hivi kutoka tao, unaweza hata kutembea. Ilianzishwa 1907 kujaribu aina za miti zinazokua haraka, wakati ule reli ilikuwa inakula kuni vibaya sana, ndo maana mpaka leo unakuta miti ya kutoka pande zote za dunia iko pamoja na yetu ya kienyeji, na mingi ina vibao vya majina. Hivyo vibao vitatusaidia sana, ngoja utaona.

Hatua ya 1: Ongea na wenyewe kwanza

Arboretum iko chini ya Kenya Forest Service (KFS). Ukienda na watoto wako wawili hakuna shida, lipa ya geti uingie. Ila ukishaanza kuita watu, hata kama watakuja mmoja mmoja, pita kwa ofisi yao uwaelezee ni nini, uwaonyeshe ramani, uwaulize kama kuna kibali na ada ya kundi. Waambie wazi kwamba hutapigilia kitu kwa mti, hutapaka rangi, hutaacha karatasi. Ukienda hivyo wanakuelewa haraka, alafu askari akikutana na mtu amesimama anatazama ramani vichakani tayari anajua ni kitu gani.

Uliza pia saa za kufunga na njia ya kulipia, hivi vitu vinabadilika, alafu uandike kwa maelekezo yako kama vilivyo wiki hiyo.

Hatua ya 2: Tembea eneo lote kabla ya kugusa kompyuta

Nenda asubuhi ya siku ya kazi na prinauti yoyote ya eneo, hata skrinshoti ya OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, na kalamu mbili za rangi. Tembea kila njia, hata zile vijia za miguu zinazopotelea kwa nyasi. Andika ni wapi kuna ngazi, daraja, njia panda, ukuta, fensi, mtaro wa maji, mti mkubwa umesimama peke yake. Angalia pia vitu ambavyo ramani haitakwambia. Kuna watu wanaomba pale Arboretum kila siku, wengine kwa sauti, wengine wametulia chini ya mti wao na Biblia, na hao wana kona zao wanazozipenda. Usiweke kituo hapo. Mtu amekuja kumlilia Mungu wake si vizuri kila dakika kumi anapitiwa na kijana anahema anauliza samahani naweza kusoma hicho kibao.

Upande unaopakana na State House nao uache kabisa. Usiweke kituo karibu na hiyo fensi wala usimpe mtu sababu ya kusimama hapo na simu imeinuliwa. Upande wa mto Kirichwa Kubwa unaweza kutumia, lakini kwa mvua ule udongo unateleza, kwa hiyo vituo vya huko viwe juu kwenye njia, si kwa ukingo wa maji.

Hatua ya 3: Ramani

Hapa usiharakishe. Ramani ya Google haitoshi, inakuonyesha kijani kitupu na njia mbili tatu. Unahitaji ramani inayoonyesha kila njia, na uwazi, na vichaka.

Njia rahisi ni tovuti ya OpenOrienteeringMap, inachukua data ya OpenStreetMap inakuchorea ramani kwa mtindo wa orientiringi, unapata PDF bure. Kasoro ni moja, kama njia haiko kwa OpenStreetMap haitakuwa kwa ramani yako, kwa hiyo yale uliyoandika kwa hatua ya 2 yaingize kwanza OpenStreetMap, fungua akaunti uchore zile njia, na hiyo kazi inabaki ikisaidia kila mtu hata baada ya mchezo wako. Ukitaka ramani nzuri zaidi kuna OpenOrienteering Mapper, nayo ni bure, unachora mwenyewe juu ya picha ya setilaiti. Inachukua muda kujifunza lakini ukishaishika hutarudi nyuma.

Skeli iwe 1:4000. Hiyo ina maana sentimita moja kwa karatasi ni mita 40 chini, na eneo la hekta 30 linaingia kwa A4 vizuri bila kubana. Hakikisha unapoprinti umechagua saizi halisi, saiba nyingi mashine imewekwa kufinya ukurasa utoshee, ukitoka hapo skeli yako imekufa. Weka mstari wa sentimita 5 chini ya ramani uandike mita 200, alafu upime kwa rula hapo hapo saiba kabla hujalipa nakala zote.

Rangi ndo zinachanganya wageni kuliko kitu chochote kwa hiyo ziandike kwa maelekezo. Nyeupe kwa hizi ramani si uwanja mtupu, ni msitu ambao unaweza kukimbia ndani chini ya miti. Njano ndo uwazi, nyasi. Kijani ni vichaka, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo kupita kunavyokuwa kugumu. Bluu ni maji, hudhurungi ni mistari ya kupanda na kushuka, nyeusi ni njia, mawe na majengo. Kijani cha rangi ya zeituni ni marufuku kuingia, na hiyo ndo unapaka pale kwa bustani za maua na upande wa fensi tuliosema. Vituo vinachorwa zambarau: pembetatu ni kuanza, duara ni kituo, duara mbili moja ndani ya nyingine ni mwisho. Mtu ambaye hajaambiwa hivi anaona nyeupe anaikwepa, anafuata kijani akidhani ndo miti mizuri, anajikuta amekwama kwa lantana.

Hatua ya 4: Chagua vituo visivyoondoka

Kwenye mashindano ya kawaida kila kituo kina bendera ya rangi ya machungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30. Kwa tukio la siku tisa Arboretum sahau bendera. Kuna tumbili na kima pale, na wao kitu chochote kinachoning'inia wanakichunguza kwanza. Kile hawatachukua mtu atachukua, na kile mtu hatachukua mvua itamaliza. Stika za QR nazo hazidumu.

Tumia vitu vilivyopo. Kila kituo kiwe na swali ambalo jibu lake linaonekana pale tu. Kibao cha mti ndo dhahabu: uliza herufi ya 3 ya jina la kisayansi, ama jina la familia linaanza na nini. Ngazi, uliza ziko ngapi. Daraja, uliza nguzo ngapi upande mmoja. Usiulize rangi ya kitu, kinaweza kupakwa upya, na usiulize jina lote la mti manake mtu anayejua miti atajibu akiwa kwa kochi lake nyumbani. Usitumie pipa la taka, benchi la mbao lisilosimikwa, wala bango la karatasi, hivyo vinahamishwa.

Kila kituo kiwe na swali la akiba kuhusu kitu kingine kilicho hapo hapo, kwa sababu vibao vinang'oka. Mtu akikuta kibao hakipo ajibu la akiba, hakuna kubishana.

Alafu maelezo ya kituo. Duara kwa ramani kawaida ni milimita 6, na kwa skeli ya 1:4000 hiyo ni mita 24 kutoka upande mmoja hadi mwingine pale chini, ndani ya mita 24 za Arboretum kuna miti kumi. Kitu chenyewe kiko katikati kabisa ya duara, lakini bado mwambie ni nini: njia panda upande wa mashariki, mguu wa ngazi, mti pweke, kona ya ukuta. Maneno matatu manne yanatosha, na yanatenganisha mchezo wa ramani na mchezo wa kubahatisha.

Vituo 12 hadi 15 vinatosha. Kila kimoja kipe namba ya kitambulisho kuanzia 31 kwenda juu, ndivyo inavyofanywa kote, ili mtu asichanganye namba ya kituo na mpangilio wa kwenda.

Hatua ya 5: Unganisha vituo

Cha kwanza kiwe rahisi kabisa, karibu na geti, kwa njia kubwa, ili mtu ashike namna ramani na ardhi zinavyolingana. Baada ya hapo mpe maamuzi. Kipande kizuri ni kile ambacho kina njia mbili za kweli, kwa mfano moja fupi inapanda na kukata kwa nyasi, nyingine ndefu inafuata barabara tambarare, na mtu inabidi asimame sekunde kumi afikirie. Kipande ambacho ni kufuata njia moja tu moja kwa moja hakifundishi kitu. Epuka pia kituo ambacho mtu anaingia na kutoka kwa kijia kile kile, wa nyuma akimwona wa mbele anatokea pale amepewa jibu bure.

Mimi kwa watu wanaoanza nashauri kupata alama badala ya mpangilio. Yaani vituo vyote viko wazi, una dakika 60, vya karibu alama 10, vya mbali na vigumu 20 ama 30, kila dakika ya kuchelewa unakatwa 10. Hivi mama na mtoto wa miaka sita wanapata vituo vitano wanafurahi, na yule anayekimbia marathoni anajaribu kumaliza vyote, na wote wamecheza mchezo ule ule. Kuchora duara na mistari tumia Purple Pen, iko bure kwa Windows.

Kuna pia MapRun, app ya bure ya simu, inatumia GPS, ukifika kituo inalia na kuhesabu yenyewe. Unapakia ramani kama faili ya KMZ na vituo kama KML. Nzuri sana na inakuondolea kazi ya kusahihisha, lakini chini ya miti mikubwa GPS inaruka mita kumi au zaidi, na si kila mtu ana simu ya kuiendesha wala chaji. Kwa hiyo hata ukiitumia acha maswali pale pale kama njia ya pili.

Hatua ya 6: Mtu mwingine aijaribu

Mpe rafiki ambaye hajawahi kuona vituo vyako. Mpe karatasi, usimwambie kitu, tembea nyuma yake mita ishirini ukiwa kimya. Pale atakaposimama muda mrefu andika. Akijibu tofauti na jibu lako, swali ndo lina shida, badilisha. Alafu siku moja kabla ya kufungua zunguka tena mwenyewe uhakikishe kila kibao kipo, na katikati ya wiki rudi mara nyingine.

Hatua ya 7: Maelekezo ya kumtumia mshiriki

Haya unaweza kuyachukua uyaweke kwa grupu ya WhatsApp pamoja na ramani.

Printi ramani kwa A4, usitegemee skrini ya simu, kwa jua la saa sita huoni kitu. Ikunje ibaki ile sehemu uliyopo tu. Ukisimama pembetatu, geuza ramani mpaka vitu vya kwa karatasi vielekee kama vilivyo mbele yako, barabara ya kulia iwe kulia. Kila ukikata kona geuza ramani tena mkononi, mwili ugeuke ramani ibaki imeelekea kaskazini. Weka dole gumba mahali ulipo, na kila ukipita kitu unachokitambua sogeza dole. Hii ya dole inaonekana kitu kidogo lakini ndo inakuzuia kupotea, manake ukiinua macho ukarudisha unajua ulikuwa wapi.

Kabla hujatoka kituo kimoja jiulize vitu vitatu: nitafuata nini, nitajuaje nimekaribia, na nikipitiliza nitagonga nini. Kwa mfano nafuata njia kubwa, nikiona ngazi upande wa kushoto nimekaribia, nikifika darajani nimepita. Ukiwa na majibu hayo unaweza kukimbia bila kusimama kila mara.

Umbali pima kwa hatua. Nenda kwa uwanja wa shule wenye mita 100 zimepimwa, tembea kawaida uhesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini, wengi wanapata kama 60 hadi 65. Sasa sentimita moja kwa ramani ni mita 40, kwa hiyo ni kama hesabu 25.

Dira si lazima kwa Arboretum lakini inasaidia. Ukinunua, ishike ikiwa imelala sawa ujizungushe polepole palepale dukani uone kama sindano inateleza bila kukwama. Zile zilizotengenezewa Ulaya ya kaskazini sindano yake imesawazishwa kwa mvuto wa huko, ukiileta karibu na ikweta upande mmoja unazama unakwaruza chini, inakuonyesha uongo. Ya simu inafanya kazi, toa kava kama lina sumaku. Na usifuate ile ya kwamba jua la saa sita liko kusini, hiyo ni ya Ulaya. Nairobi mwezi wa 6 jua la mchana liko upande wa kaskazini, mwezi wa 12 liko kusini, na mwezi wa 3 na wa 9 liko utosini kabisa.

Vaa viatu vyenye meno, hasa mwezi wa 3 hadi wa 5 na wa 10 hadi wa 12 kukiwa na mvua. Beba maji kwa chupa ya kujaza tena, zile plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwemo, tangu Juni 2020. Chakula kifunge ndani ya begi na zipu, na kima akikukaribia usimpe wala usimkimbize. Watoto waende na mtu mzima, na wakubwa afadhali wawili wawili.

Hatua ya 8: Kuingia na kutoka

Kwa mbio za siku moja mwandalizi anahesabu watu. Kwa hii ya kujiongoza hakuna anayehesabu, kwa hiyo weka sheria moja isiyo na mjadala: kabla ya kuanza tuma meseji "naingia" na jina, ukitoka nje ya geti tuma "nimetoka". Hata kama umeacha katikati. Hata kama umepata sufuri. Mtu ambaye saa mbili nzima zimepita tangu aingie na hajatuma, mpigie, na asiposhika pigia mtu wake wa karibu ambaye alikupa namba yake wakati wa kujiandikisha, alafu ofisi ya pale. Mwisho wa kuanza uwe saa tisa unusu alasiri ili hata wa mwisho amalize kukiwa na mwanga na geti halijafungwa.

Hatua ya 9: Matokeo

Mshiriki anatuma majibu, saa ya kuanza na ya kumaliza. Muda unamwamini, ni mchezo wa uaminifu, ukitaka uhakika zaidi omba picha ya mwanzoni na ya mwishoni zikiwa na saa. Usitume majibu sahihi kwa grupu mpaka Jumapili ya mwisho jioni. Ukitoa matokeo toa na ramani yenye njia walizopita watu wawili watatu, muombe kila mmoja aeleze kwa nini alipita hapo. Hayo mazungumzo ndo watu wanajifunzia zaidi, aliyezunguka barabara anagundua alimshinda aliyekata kwa nyasi kwa dakika mbili.

Vibao ulivyokuta vimevunjika ama kung'oka viandike orodha uipeleke ofisi ya KFS na shukrani. Wakiona mlisaidia, mara ya pili unaingia kwa urahisi.

Ukishafanya Arboretum na watu wakataka zaidi, hamia Karura. Ni zaidi ya hekta elfu moja, na njia panda zake zina nguzo zenye namba, yaani vituo viko tayari vimesimikwa, wewe unachora ramani na kuuliza maswali. Ila huko ongeza muda hadi dakika 90 au saa mbili, na wale ambao hawajazoea waambie wabaki upande wa geti walilopakia gari ama waliloshukia matatu.